Robo Inchi ya Ilva Mae Cubbage, 1955–2025

Marehemu Ilva Mae Cubbage, tunayemzika leo Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, aliacha maagizo mawili. La kwanza, asiletewe maua ya dukani, kwa sababu alisema yananuka kama chumba cha kumsubiri daktari. La pili, wasifu wake uandikwe na kusomwa na mdogo wake, Dewey Strickler, na ndani yake Dewey aseme waziwazi, mbele ya Mungu na mbele ya wavuvi wote wa kayaki wa Mto Shenandoah, nani alimshinda nani katika mashindano ya tarehe 17 Juni 2023. Kwa mwaka mmoja na miezi saba Dewey amekuwa akilikwepa neno hilo. Mchungaji Eldon ameomba wasifu usizidi kurasa mbili, na Mchungaji atatusamehe. Mtoni tutafika, lakini kwanza lazima marehemu azaliwe.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1955, nyumbani, hapa Stanley, Kaunti ya Page, Virginia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Orville Strickler, mfanyakazi wa kiwanda cha ngozi, na mkewe Beulah. Mto ulikuwa umefurika wiki ile, na mkunga alivushwa kwa trekta, akafika amelowa hadi kiunoni na hasira zake zote. Miaka mitatu baadaye alizaliwa Dewey, kitinda mimba, na tangu hapo nyumba ile haikujua utulivu. Ndugu hawa wawili walishindana kumenya matufaha, walishindana kupanda mlima, walishindana nani atasema amina kwanza mezani, mpaka baba yao akaamuru kila mtu asali kimoyomoyo. Ilva alikuwa mkubwa, mrefu, mwenye mikono mirefu kama makasia, na kwa miaka kumi na minne alishinda kila kitu. Kisha Dewey akampita kimo, akaanza kushinda yeye. Mpango huo mpya Ilva hakuwahi kuukubali.

Baba yao aliwafundisha kumvua yule samaki wa mdomo mdogo ambaye sisi wa mto huu humwita mgongo-shaba kwa rangi yake. Si samaki mkubwa wa kutisha, lakini ana hasira. Ukimnasa anaruka nje ya maji, anatikisa kichwa, anakutazama usoni kana kwamba anataka akukumbuke, halafu anazama na kuvuta. Ilva alimnasa wa kwanza akiwa na miaka saba na hakulala usiku ule. Miaka sitini baadaye, usiku wa kuamkia mashindano, alikuwa bado halali.

Alisoma shule ya msingi hapa Stanley, kisha Shule ya Sekondari ya Kaunti ya Page, akahitimu mwaka 1973. Alipenda hesabu, hasa sehemu: nusu, robo, thumni. Katika darasa la ushonaji alimrudishia mwalimu rula akasema ni mbovu. Mwalimu akacheka, rula inakuwaje mbovu. Ilva akamwonyesha kwamba ncha ilikuwa imelika, na kwa hiyo darasa zima lilikuwa likishona sketi fupi kuliko zilivyotakiwa tangu Septemba. Wasichana kadhaa walimlaumu sana kwa kuligundua jambo hilo.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini Luray, akashona mifuko ya nyuma ya suruali za kazi kwa miaka ishirini na miwili. Wengi wenu mlioketi hapa mmewahi kuukalia mshono wake. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1995 hakukaa nyumbani kulia. Mwaka uliofuata akawa dereva wa basi la shule, na akaendesha hadi 2018, barabara ya mlimani, theluji na ukungu, bila kumkwaruza hata mbwa.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Galen Cubbage, mfugaji wa kuku, katika Kanisa la Ndugu, kanisa hilihili. Galen alimchumbia ukingoni mwa mto, na kwa bahati mbaya alifungua mdomo wakati samaki alipokuwa ameshika ndoano. Ilva akamwambia, "Subiri." Galen akasubiri, kofia mkononi, kwa dakika kama sita. Samaki alipokwisha kutua wavuni, Ilva akageuka akasema, "Ndiyo. Sasa nishikie hii." Galen hajapanda kayaki hata siku moja maishani mwake, maana maji yanampa kizunguzungu. Lakini alimpakilia mkewe kayaki kwenye pikapu na kumpakulia kila Jumamosi, akakaa ukingoni na gazeti hadi arudi. Walijaliwa watoto wawili, Rhonda na Lyle.

Mwaka 2009 yalianza mashindano yetu ya kayaki, na hapo ugomvi wa zamani wa nyumba ya Strickler ukapata uwanja. Kwa wageni waliotoka mbali, sheria ni hizi. Samaki hauawi wala habebwi. Unamlaza kwenye ubao wa kupimia, kichwa kushoto, mdomo umefungwa na kugusa kingo, mkia umelala juu ya namba, kadi ya mashindano ya siku ile ionekane kando yake, unapiga picha kwa simu, unamrudisha majini papo hapo. Picha inatumwa kwa mwamuzi. Urefu wa samaki wako watano bora unajumlishwa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kukusaidia hata kwa kukushikia wavu. Jina la mshindi huchomwa kwa chuma cha moto kwenye kasia la kale la mbao linaloning'inia katika duka la chambo. Hadi mwaka 2022 jina la Dewey lilikuwa limechomwa mara sita. Ilva alikuwa wa pili mara nne, na mara zote nne nyuma ya Dewey, na mara zote nne alipewa na Dewey ushauri ambao hakuuomba.

Oktoba 2022, baada ya kuangusha vikombe vitatu wiki moja, Ilva alikwenda hospitali. Ulikuwa ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaonyang'anya misuli nguvu kidogo kidogo na kuiacha akili nzima. Daktari alimwambia ana miaka miwili, labda mitatu, na kwamba mkono wa kushoto utatangulia. Ilva aliuliza swali moja, Galen ni shahidi: "Juni nitakuwa naweza kupiga kasia?" Daktari alisema huenda. Ilva akasema huenda inatosha.

Majira yote ya baridi alishona. Alijitengenezea mkono wa turubai unaovaliwa juu ya kiwiko, wenye mfuko mrefu wa kuchomeka shina la fimbo ya kuvulia, ili vidole vikikataa, mkono mzima ushike. Alishona, akajaribu sebuleni kwa kumvua mto wa kochi, akafumua, akashona tena. Alitaka kitu kimoja tu: kumshinda Dewey mara moja, kihalali, kabla mikono haijafa. Hakuwa akikificha, kila aliyeingia jikoni kwake aliambiwa.

Basi ikafika alfajiri ya tarehe 17 Juni 2023. Kayaki arobaini na moja ziko majini, ukungu umelala juu ya mto, pua zetu zinanusa kahawa na mafuta ya jua. Galen alikuwa amemfunga mkewe mkono ule wa turubai. Ilva akaisogeza kayaki yake kando ya kayaki ya Dewey.

"Dewey, nikikuona unanisubiri kwenye maji ya kasi, nakupiga kasia la kichwa."

"Nani akusubiri? Mimi nafuata jina langu la saba."

"Na ukiniachia samaki hata mmoja, na mimi nikajua, Krismasi usije kwangu."

"Dada, mimi namwachiaga mtu? Hata Mchungaji simwachii."

"Mchungaji kapata samaki mmoja kwa miaka sita."

"Na huyo mmoja nilimwonea wivu."

Ilva alicheka hadi kayaki ikatikisika. Saa kumi na mbili na nusu king'ora kikalia, na wote arobaini na moja wakatawanyika kama kuku wa Galen wanapofunguliwa mlango.

Asubuhi ilikuwa ya Dewey. Saa nne kasoro dakika kumi alikuwa kwenye Mawe ya Kinu, zile ngazi za mwamba wa chokaa chini ya kinu cha zamani cha Zirkle, na hapo akanasa mgongo-shaba wa kutisha, mwenye pengo katika mkia na doa jeusi chini ya jicho mithili ya alama ya dole gumba. Jua lilikuwa limeshapiga ubao wake wa kupimia, ubao ni mkavu na wa moto, na samaki akawa anajikunjakunja kama kipande cha nyama ya nguruwe kwenye kikaango. Dewey alipiga picha haraka kabla hajaruka. Inchi ishirini na robo. Akamrudisha majini, kisha akapiga ukelele uliosikika nusu maili, na kwa kuwa Ilva alikuwa nusu maili, aliusikia.

Dewey hakuridhika na kusikika. Alipiga kasia hadi alipo dada yake.

"Ishirini na robo," alisema. "Pale kwenye Mawe ya Kinu nimeshapamaliza. Usijisumbue."

"Uliulowesha ubao?"

"Nani ana muda wa kulowesha ubao?"

"Haya. Nenda zako, unanitishia samaki."

Ilipofika adhuhuri Ilva alikuwa na samaki wanne wazuri: mmoja wa inchi kumi na nane na robo, mmoja wa kumi na saba na robo tatu, mmoja wa kumi na saba kamili, na mmoja wa kumi na sita na robo tatu. Wa tano alikuwa kitoto cha inchi kumi na tatu, cha aibu. Saa nane mchana, kama ilivyo desturi, orodha ya matokeo kwenye simu huzimwa ili saa ya mwisho kila mtu avue gizani, bila kujua wenzake wana ngapi. Ilipozimwa, Dewey aliongoza kwa inchi tisini kamili. Ilva alikuwa wa tano, themanini na mbili na robo tatu, na mkono wa kushoto ulikuwa umeshaaga tangu saa sita.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mvuvi yeyote wa mto huu angemcheka. Alirudi Mawe ya Kinu. Sisi sote hapa tuliamini kwamba samaki aliyeshikwa asubuhi hali tena siku ile, amenuna, ameumia mdomo, amehama. Ilva alifikiri tofauti. Alisema baadaye kwamba mwenye nyumba nzuri hahami kwa sababu mgeni mmoja alipiga hodi vibaya. Samaki yule alikuwa na mwamba bora kuliko yote mtoni, na tangu saa nne alikuwa hajala.

Alishusha nanga, akatupa chambo chake cha mpira, mfano wa kamba wa mtoni, juu ya ngazi ya pili, akakiacha kibingirike. Hakuna. Akatupa tena. Mara ya kumi na mbili, saa nane na dakika ishirini, mshipi ukasogea pembeni polepole. Ilva akauegemea kwa mwili mzima, kwa sababu mkono peke yake haukutosha, na mto ukapasuka. Samaki aliruka juu ya kichwa chake, alisema, ingawa Dewey anaamini aliruka kiasi. Kayaki ikazungukia nanga. Ilva akatupa mguu mmoja majini auzuie mzunguko, fimbo imekwama katika mfuko wa turubai, turubai inalia, mishono inalia, yeye mwenyewe analia na hajui. Mara mbili samaki alijisokota chini ya kayaki na mara mbili Ilva alilala kifudifudi kumfuata. Alipomfikisha karibu aliibana fimbo kwa magoti, akachukua wavu kwa mkono wa kulia, akachota.

Sasa picha. Kabla ya yote aliuzamisha ubao majini ukapoa, kama alivyofanya siku zote, akaiweka kadi, akamlaza samaki. Kwenye ubao baridi uliolowa samaki akatulia kama mtoto kwenye shuka safi, mdomo umefungwa, mkia umenyooka. Simu ilikuwa kwenye kishikio chake mbele. Mkono wa kulia unamlinda samaki, mkono wa kushoto hausogei. Akainama akabonyeza kwa pua. Picha ya kwanza ilikuwa ya kofia yake. Ya pili ilikuwa ya anga. Ya tatu ilikuwa samaki mzima, kichwa kushoto, kadi inasomeka, inchi ishirini na nusu. Akamteremsha majini, akamwona akirudi taratibu chini ya mwamba uleule.

Lakini chini ya jabali la Mawe ya Kinu simu haipati mtandao, na mashindano hufungwa saa tisa. Ilva alikata kamba ya nanga badala ya kuivuta, akapiga kasia kwa mkono mmoja na kiwiko kimoja, akapita sehemu mbili za maji ya kasi ubavuubavu. Saa nane na dakika hamsini na saba, karibu na daraja, simu ikanguruma na picha ikaenda. Alipofika gatini hakuweza kutoka kwenye kayaki. Galen aliingia mtoni na viatu vyake vya kanisani, yeye anayeogopa maji, akamnyanyua.

Mwamuzi wetu, Wanda Painter, aliyefanya kazi posta miaka thelathini na asiyejua kuharakishwa, alisoma matokeo kutoka wa kumi kwenda juu, huku watu wakila kuku wa kukaanga na saladi ya viazi. Alipofika wa pili akatua, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Wa pili, inchi tisini kamili. Dewey Strickler."

Watu waliacha kutafuna.

"Wa kwanza, inchi tisini na robo. Ilva Mae Cubbage."

Kelele zilizotoka pale hazifai kuelezwa kanisani. Rhonda alimwaga chai. Ilva hakusimama, hakuweza, alikaa tu kwenye kiti cha kukunja na kujifunika uso kwa mkono mmoja. Ndipo Dewey, akiangalia picha ya Ilva kwenye simu ya mwamuzi, akaona mkia wenye pengo, na doa jeusi chini ya jicho.

"Huyo samaki ni wangu," alisema.

Wanda aliziweka picha mbili sambamba. Kweli, samaki mmoja, asubuhi kwa Dewey, mchana kwa Ilva.

"Ulimrudisha majini?" Wanda aliuliza.

"Nilimrudisha."

"Basi si wako. Samaki aliyerudishwa ni wa mto."

"Sikatai. Lakini kwangu alikuwa ishirini na robo. Kwake kawaje ishirini na nusu?"

"Kala mchana," alisema Ilva.

Watu walicheka hadi wakashikana. Wanda alieleza kwa subira kwamba katika picha ya Dewey samaki amekunja mkia kwa sababu ya ubao mkavu, na katika picha ya Ilva amenyooka, na mwamuzi hupima anachokiona. Robo ile ndiyo iliyoamua kila kitu. Dewey alitakiwa aseme neno moja, akampe dada yake mkono. Alisema, "Samaki alikua." Watu wakacheka tena, na Ilva naye alicheka, na usemi huo ukawa wake. Kila alipoulizwa kuhusu siku ile, mkahawani, kwa kinyozi, mlangoni mwa kanisa, Dewey alijibu kwamba samaki alikua.

Sasa yafuatayo si ya kuchekesha sana. Watu kadhaa walikuwa wamemwona Dewey katika dakika arobaini za mwisho za mashindano. Alikuwa ameivuta kayaki kando chini ya mkuyu karibu na gati, anakula sandwichi ya nyanya, fimbo zimelala. Mwanzoni hakuna aliyelitilia maanani. Kisha wakaanza kuunganisha: dada mgonjwa, mdogo bingwa mara sita, sandwichi. Ikasemwa kwamba Dewey alimwachia. Ilisemwa kwa upendo, na watu waliosema walikuwa na machozi machoni.

Septemba ile ndugu hawa wawili walikuwa mkahawani. Mzee mmoja akapita, akamshika Dewey bega.

"Ulimfanyia dada yako jambo jema sana, kijana."

Dewey alitabasamu akasema, "Ah, mambo ya nyumbani hayo."

Ilva aliweka uma mezani. Njiani kurudi, walipofika daraja la pili, akamgeukia.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Watu watasema wanachosema, Dada."

"Sema nilikushinda. Mara moja tu."

"Samaki alikua."

Siku hiyo hakucheka.

Ugonjwa haukusubiri. Krismasi ya mwaka ule alikuwa akitembea kwa gongo, majira ya kuchipua ya 2024 akaketi kwenye kiti cha magurudumu, na Agosti sauti ikaondoka. Kuanzia hapo alizungumza kwa macho, kwa kutazama herufi kwenye karatasi ya plastiki ambayo Rhonda alimshikia, na Rhonda akisoma kwa sauti. Hata hivyo alibaki yuleyule. Alimwagiza Lyle apunguze chumvi. Alimwambia Mchungaji kwamba mahubiri ya Jumapili iliyopita yalikuwa na mwisho mara tatu. Galen alimlisha, alimwogesha, alimchana nywele, na kila Jumamosi alimpeleka kwa pikapu hadi gatini ili awaangalie wengine wakishusha kayaki zao.

Tarehe 19 Januari mwaka huu Dewey alikuwa kando ya kitanda chake. Ilva alimtazama Rhonda, akaanza kutazama herufi. Ilichukua muda mrefu. Rhonda alisoma, "Uliniachia?"

Dewey alidhani ni utani, akafungua mdomo ataje samaki. Kisha akayaona macho yake. Hakuwa akitania. Mwanamke aliyekijua kila kilichotokea kwenye mwamba ule, aliyebonyeza simu kwa pua, sasa hakuwa na hakika tena, kwa sababu kila mtu katika kaunti hii alisema vile na mdogo wake hakukanusha.

"Hapana," Dewey alisema. "Hapana, Dada. Naapa."

Macho yakarudi kwenye karatasi. Rhonda akasoma, "Basi waambie." Halafu, baada ya kupumzika, akasoma, "Mazishini. Watakuwepo wengi."

Alifariki dunia Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani, Galen akiwa amemshika mkono wa kulia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Na sasa Dewey anawaambia. Ile sandwichi haikuwa huruma. Ilikuwa majivuno. Orodha ilipozimwa saa nane aliona inchi tisini, akahesabu wote walio nyuma yake, akaona hakuna wa kumfikia, na akaketi chini ya mkuyu kutunga hotuba ya ushindi. Hotuba hiyo bado anaikumbuka. Ilikuwa na sehemu ya kumsifu dada yake kwa kujitahidi. Aliposhindwa aliona aibu, na watu walipoanza kusema alimwachia, uvumi ule ulimpendeza, maana ni afadhali kuitwa mwenye moyo mwema kuliko kuitwa mpumbavu aliyepigwa akiwa anakula nyanya. Kwa hiyo alinyamaza, na kila siku aliyonyamaza alimnyang'anya dada yake kipande cha kitu pekee alichokitaka. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ilva alikuwa mshindani maisha yake yote. Dewey ameanza leo.

Marehemu ameacha mume wake wa miaka arobaini na minane, Galen. Binti yake Rhonda na mumewe Craig, wa Luray. Mwanawe Lyle, wa Harrisonburg. Wajukuu watatu, Kelsey, Hannah na Wyatt. Na mdogo mmoja, Dewey Orville Strickler wa Stanley, ambaye tarehe 17 Juni 2023, katika Mto Shenandoah, hakumwachia dada yake samaki, wala maji, wala hata robo ya inchi, na akashindwa naye kihalali.

Bwana ampe Ilva Mae pumziko la mshindi.